Mtoto wa Rehani na Mbunge Mtetezi: Somo juu ya Utumwa kutoka Riwaya Moja na Filamu Moja



Katika somo la robo hii tunaweka kazi mbili mezani, moja ya kusoma na moja ya kutazama. Ya kwanza ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022. Ya pili ni filamu iitwayo Amazing Grace, iliyoongozwa na Michael Apted na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Zote mbili zinahusu utumwa, ila zinautazama kutoka pande mbili zilizo mbali sana. Moja inatuketisha na mtumwa na nyingine inatuketisha na mtetezi wake. Ndiyo maana tumeona zifae kusomwa pamoja na kamati zetu za parokia, na pia na wafadhili wetu walio mbali.

Kwa nini somo hili?

Tukitaja utumwa, wengi wetu tunakumbuka minyororo, misafara kutoka bara, na soko la Mkunazini kule Unguja. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa mahali pale pale. Lakini kumbukumbu hiyo ina hatari yake. Inatufanya tuamini kuwa utumwa ni jambo lililokwisha, tena ni jambo lililofanywa na watu wengine.

Ni vema kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: biashara ya watumwa na utumwa wenyewe. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa katika makoloni yake mengi uliondolewa kwa sheria ya mwaka 1833. Kwetu pia ilikuwa hivyo. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, katika mwambao wa Kenya hadi mwaka 1907, na Tanganyika hadi mwaka 1922. Maana yake ni kwamba baada ya soko kufungwa, mtu aliweza kuendelea kuwa mali ya mwingine kwa miaka mingi, ndani ya nyumba, bila mnyororo na bila mnada. Riwaya ya Gurnah inatupeleka katika kipindi hicho.

Riwaya: mtoto aliyelipa deni la baba

Yusuf ana umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake anaendesha hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji uliochangamka wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kisha ukadorora. Mara kwa mara hufika tajiri mmoja, Aziz, ambaye Yusuf amezoea kumwita ami. Kila anapoondoka humwachia mtoto sarafu ya anna kumi, na mtoto huingojea kwa hamu.

Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami kwa gari moshi. Hakuna anayemweleza sababu. Anapofika pwani anawekwa dukani kwa Aziz chini ya kijana mwingine, Khalil. Ni Khalil anayemfumbulia jambo: Aziz si ami yake. Baba yake ana deni kwa tajiri huyo na ameshindwa kulipa, kwa hiyo Yusuf yuko pale kama rehani. Tangu siku hiyo anatakiwa kumwita Seyyid, yaani bwana mkubwa.

Tuangalie mambo matatu katika riwaya hii.

Kwanza, hakuna anayempiga Yusuf ili kumteka. Anachukuliwa kwa upole, mbele ya wazazi wake, na mtu anayenukia manukato. Anakula, anavaa, na baadaye anasafiri na msafara wa biashara kwenda bara. Hata hivyo hana mshahara, hana siku ya kuondoka, na hakuna aliyemwuliza kama anakubali.

Pili, deni halimfungi mdeni peke yake. Khalil naye aliletwa kwa sababu ya deni la baba yake, pamoja na Amina, msichana ambaye baba huyo alimwokoa kutoka kwa watekaji akamlea kama binti yake. Hatimaye Amina anakuwa mke wa tajiri. Deni linahesabiwa kuwa limekwisha, lakini Khalil habanduki pale dukani. Aende wapi, na dada yake yuko ndani?

Tatu, yuko mzee mtunza bustani, Hamdani. Huyu aliwahi kupewa uhuru akakataa kuupokea. Anapoulizwa sababu, jibu lake kwa kifupi ni kwamba uhuru wake haukuwa mali ya mtu mwingine hata aweze kumpa. Wanaweza kumfungia mlango, lakini hawawezi kumpa kitu ambacho hawakukimiliki hata siku moja. Maneno hayo ya mzee asiyesema sana ndiyo yenye uzito kuliko yote katika kitabu.

Wasomaji wa Biblia na wasomaji wa Kurani wataitambua mara moja hadithi iliyo nyuma ya riwaya hii. Ni ile ya Yusufu, mtoto mzuri wa sura aliyeuzwa na watu wa nyumba yake, akaishi katika nyumba ya tajiri, akasingiziwa na mke wa bwana wake. Lakini Yusufu wa Maandiko alipanda cheo mpaka akawaokoa ndugu zake na njaa. Yusuf wa Gurnah hapandi. Mwishoni, vita vikuu vikikaribia, askari wa Wajerumani wanapita wakikamata vijana. Yusuf anajificha, na wakishaondoka anaukimbilia msafara wao mwenyewe. Ametoka kwa bwana mmoja na kwenda kwa mwingine. Msomaji anabaki na uchungu, na nadhani mwandishi alikusudia hivyo.

Filamu: mbunge aliyekataa kunyamaza

Sasa tuhamie Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18. William Wilberforce ni mbunge kijana, mcha Mungu, mwenye sauti nzuri na afya mbovu. Anajiuliza amtumikie Mungu kama kasisi au kama mbunge. Marafiki zake, pamoja na Waziri Mkuu William Pitt, wanamshawishi kwamba anaweza kufanya yote mawili, na kazi yenyewe iwe kukomesha biashara ya watumwa.

Filamu inamwonesha akipeleka hoja Bungeni na kushindwa, akirudi tena na kushindwa, mpaka mwili wake unadhoofika. Waliomzunguka ni watu waliokuwako kweli: Thomas Clarkson aliyezunguka nchi nzima akikusanya ushahidi; John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa aliyegeuka kuwa mchungaji na kutunga wimbo ulioipa filamu jina lake; na Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, akanunua uhuru wake, na mwaka 1789 akachapisha kitabu cha maisha yake. Equiano anaigizwa na mwimbaji wa Senegal, Youssou N'Dour.

Ushindi ulipatikana tarehe 23 Februari 1807, pale Bunge lilipopiga kura 283 dhidi ya 16. Ilikuwa imepita miaka karibu ishirini tangu Wilberforce aanze. Kamati zetu zisome jambo hilo taratibu. Mara nyingi sisi hukata tamaa baada ya barua mbili zisizojibiwa.

Filamu pia inatufundisha njia za kazi. Watu hawa hawakutegemea hotuba peke yake. Walikusanya saini za maelfu kwa maelfu ya wananchi wa kawaida. Waliwaomba watu waache kutumia sukari iliyolimwa na watumwa. Walionesha minyororo yenyewe ili asiyeamini aishike kwa mkono wake. Katika tukio moja waheshimiwa wanaostarehe kwenye mashua wanasogezwa karibu na meli ya watumwa, na wale waliokuwa wakicheka wanaanza kuziba pua. Wilberforce anawaambia waache kuziba.

Mahali kazi hizi zinapokutana

Mwanzoni mwa filamu lipo tukio fupi ambalo mtazamaji anaweza kulipita. Wilberforce anacheza karata katika klabu ya wakubwa. Mwana wa mfalme anaishiwa na fedha mezani. Badala ya kuondoka, anaagiza aletwe mtumishi wake mweusi, awekwe dau. Wilberforce anainuka na kuondoka mezani.

Tukilinganisha mtumishi huyo na Yusuf, tunaona jambo lile lile. Katika klabu ya London na katika hoteli ya Kawa, mtu mmoja ana deni na mtu mwingine ndiye anayelipa kwa mwili wake. Mmoja anaitwa dau, mwingine anaitwa rehani. Wote wawili hawakuulizwa. Hapa ndipo kiini cha utumwa kilipo: ni pale mtu anapohesabiwa katika daftari la mtu mwingine, pamoja na magunia na vitambaa. Minyororo huja baadaye, na mara nyingine haiji kabisa.

Mahali zinapoachana

1. Nani yuko katikati. Katika riwaya, aliye katikati ni mtoto aliyetumikishwa. Tunajua ndoto zake, hofu yake, na jinsi anavyoipenda bustani asiyoruhusiwa kuingia apendavyo. Katika filamu, aliye katikati ni mtetezi. Tunajua maumivu ya tumbo lake na mapenzi yake kwa mchumba wake Barbara, lakini watumwa wenyewe hatuwasikii. Ukimwondoa Equiano, Waafrika karibu wote ni habari inayosimuliwa na watu weupe vyumbani. Mtazamaji asiye mwangalifu anaweza kudhani uhuru ulitengenezwa Bungeni peke yake. Ukweli ni kwamba watumwa wa kisiwa ambacho sehemu yake leo ni Haiti waliasi mwaka 1791, na wale wa Jamaika mwaka 1831, wakiongozwa na shemasi wa Kibaptisti, Samuel Sharpe. Maasi hayo yaliwatikisa wenye mashamba, na yale ya Jamaika yaliharakisha sheria ya mwaka 1833.

2. Utumwa uko wapi. Katika filamu uko mbali: baharini, kwenye mashamba ya miwa, katika karatasi za ushahidi. Katika riwaya uko nyumbani. Aliyemtoa mtoto ni baba yake, na aliyempokea ni rafiki wa baba. Ni rahisi kuwakasirikia watu wa Liverpool. Ni vigumu zaidi kumtazama Aziz, mtu mpole anayeswali na kuwakirimu wageni, tukakiri kwamba tunamfahamu.

3. Mwisho wake. Filamu inaishia kwa kura na makofi. Haisemi kwamba sheria ya mwaka 1833 ilipopita, fidia ya pauni milioni 20 ililipwa kwa wenye watumwa, na watumwa wenyewe hawakupata kitu. Riwaya inaishia kwa mtoto anayekimbia bila kujua aendako. Mwisho wa filamu unatupa moyo. Mwisho wa riwaya unatuuliza swali. Tunahitaji vyote viwili.

Tusiionee filamu, wala tusiisifu riwaya kupita kiasi. Riwaya haina Clarkson. Hakuna mtu hata mmoja anayeuliza kwa sauti kwa nini mtoto huyu yuko pale. Ukimaliza kuisoma unaweza kukunja mikono na kusema dunia ndivyo ilivyo. Filamu inakataa hilo, inasema kuwa watu wachache waliokutana sebuleni waliweza kubadilisha sheria ya dola kubwa. Msomaji wa riwaya peke yake anaweza kukata tamaa, na mtazamaji wa filamu peke yake anaweza kujiona shujaa.

Linatuhusu vipi?

Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 50 duniani waliishi katika utumwa wa siku hizi, milioni 28 katika kazi za kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na Kenya tangu mwaka 2010. Sheria zipo. Lakini sheria haiingii jikoni bila mtu kuifungulia mlango.

Tuchukue mfano. Mama mmoja kijijini amekopa katika kikundi. Mvua imekosekana, marejesho yamechelewa. Wanakikundi wanafika nyumbani kwake, mara ya kwanza, mara ya pili. Baada ya muda tunasikia kwamba binti yake wa miaka kumi na mitatu ameacha shule, amechukuliwa na "shangazi" wa mjini ili asaidie kazi za nyumbani. Marejesho yanaanza kuingia tena. Katika taarifa yetu ya robo mwaka tunaandika kwamba mkopo unalipwa vizuri.

Nani ameuliza fedha zinatoka wapi?

Hili ndilo jambo zito katika somo hili, na hatuwezi kulikwepa, maana sisi wenyewe ni wakopeshaji. Parokia nyingi zinazosoma jarida hili zina vikundi vya kuweka na kukopa, nasi tunajivunia. Aziz naye alikuwa mkopeshaji, na kwa daftari lake hakuwa na kosa: deni lilikuwa la kweli.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 5, kinaeleza hali inayofanana kabisa na hii. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na wengine wakawatoa wana na binti zao kuwa watumwa. Nehemia alikasirika, akawaita wakubwa mbele ya mkutano. Lakini kabla ya kuwataka warudishe, alikiri kwamba yeye na watu wake nao walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Hakusimama nje ya kosa akawanyooshea wenzake kidole. Baada ya hapo ndipo walipokubali kurudisha mashamba na riba.

Kwa kamati za parokia

Tunapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji bajeti.

Kwanza, kila kikundi cha mikopo kiweke katika kanuni zake kwamba marejesho yanapochelewa, jambo la kwanza ni kumtembelea mwanachama na kuuliza hali ya nyumba yake, hasa watoto: wako wapi, na wanasoma? Muda wa kulipa uongezwe pale inapobidi. Marejesho ya asilimia 100 si sifa kama mtoto mmoja ndiye aliyeyalipa.

Pili, mtoto anapoondoka kijijini kwenda kufanya kazi, kamati ijue jina la anakokwenda na namba ya simu, na mtu mmoja apewe jukumu la kuuliza habari zake kila mwezi. Baba yake Yusuf hakuulizwa na jirani hata mmoja.

Tatu, tuangalie nyumba zetu wenyewe, zikiwamo nyumba za viongozi wa parokia. Binti anayetusaidia kazi ana umri gani? Analipwa, na fedha zinafika mkononi mwake? Ana siku ya mapumziko? Anaweza kuondoka akitaka? Kumwita mwanetu hakutoshi. Yusuf naye alimwita bwana wake ami.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunajua mkiitazama filamu hii mtajiona upande wa Wilberforce, na kwa haki, maana bila watu wa mbali wanaokataa kunyamaza kazi nyingi zingekwama. Tunaomba jambo moja. Msiridhike na taarifa zinazowaonesha asilimia za marejesho na picha za watoto wanaocheka. Tuulizeni maswali magumu. Tuulizeni watoto wa waliochelewa kulipa wako wapi. Na mkumbuke yale ya mzee Hamdani: hatuwapi watu uhuru, wala ninyi hamwapi. Tunachoweza ni kuondoa mikono ya wale wanaowazuia, ikiwamo mikono yetu.

Namna ya kuendesha somo

Filamu ni ya karibu saa mbili na ni ya Kiingereza, hivyo ateuliwe mtu wa kusimamisha na kueleza. Riwaya igawiwe kwa wasomaji wachache, kila mmoja asimulie sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe. Vikao viwili vinatosha. Tunashauri muanze na riwaya, ili mtakapofika kwenye hotuba za Bungeni muwe tayari mmemfahamu mtoto mmoja kwa jina.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini wazazi wa Yusuf hawakumwambia ukweli? Je, sisi tunawaambia watoto wetu ukweli tunapowatuma mahali?

2. Khalil alibaki ingawa deni lilikwisha. Ni vitu gani, mbali na sheria na fedha, vinavyomzuia mtu asiondoke?

3. Katika filamu, Equiano ndiye Mwafrika pekee tunayemsikia kwa kirefu. Katika vikao vya kamati yetu, nani anazungumziwa bila kuwapo?

4. Wilberforce na wenzake waliomba watu waache sukari. Ni kitu gani tunachokifurahia ambacho huenda kimelipwa na mtoto wa mtu?

5. Katika kikundi chetu cha mikopo, nani amechelewa kulipa mwaka huu, na watoto wake wako wapi leo?

Tunaomba swali la tano lijibiwe kwa majina, kisha majina hayo yatunzwe kwa siri na kamati. Wawili wenu waende kuwatembelea kabla ya kikao kinachofuata. Tunawatakia usomaji mwema na mjadala wenye upendo.